Wakali wa Sataranji Hupimwa Vipi?

Mchezaji wa sataranji hana cha kupimiwa isipokuwa mpinzani aliyeketi ng'ambo ya ubao. Mkimbiaji ana saa. Abebe Bikila alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Eliud Kipchoge alikimbia umbali uleule mjini Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Viatu na barabara vimebadilika, lakini walau ipo namba ya kuanzia mazungumzo. Kwenye sataranji namba hiyo haipo. Mtu akishinda michezo mia moja, kinachojulikana ni kwamba aliwazidi wale aliocheza nao. Kama wao walikuwa hodari au wa kawaida ni swali lingine kabisa. Ndiyo maana ubishi kuhusu Paul Morphy, Emanuel Lasker, José Raúl Capablanca, Bobby Fischer, Garry Kasparov na Magnus Carlsen haujaisha, ingawa leo kuna hesabu na kompyuta za kuusaidia.

Ubishi huo una mpaka upande wa zamani. Katika karne ya 10 Baghdad ilikuwa na as-Suli, aliyemshinda al-Mawardi mbele ya Khalifa al-Muktafi na jina lake likabaki kuwa kipimo cha uhodari kwa karne nyingi. Fumbo moja aliloliacha lilikaa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Yuri Averbakh, gwiji wa Urusi, kulitatua. Hata hivyo as-Suli hawezi kuwekwa kwenye mizani moja na Kasparov, kwa sababu ule ulikuwa mchezo mwingine: kete iliyokaa mahali pa malkia wa leo ilisogea nyumba moja tu kwa mshazari. Malkia na askofu walipata nguvu walizonazo sasa mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya ya kusini. Hata baada ya hapo ilichukua muda mrefu kupata kumbukumbu za kutosha. Kwa hiyo hesabu huanza karne ya 19, na mtu wa kwanza anayestahili kutazamwa kwa makini ni Morphy.

Paul Morphy alizaliwa New Orleans mwaka 1837. Mwaka 1857 alishinda kongamano la kwanza la sataranji la Marekani, lililofanyika New York, na mwaka uliofuata akavuka bahari kuwatafuta mabingwa wa Ulaya. Huko Paris alipambana na Mjerumani Adolf Anderssen, aliyehesabiwa na wengi kuwa namba moja wa wakati huo. Morphy alishinda michezo 7, akapoteza 2, na 2 ikawa sare. Alikuwa na umri wa miaka 21. Aliporudi kwao mwaka 1859 aliachana na mashindano, na hakuwahi kurejea.

Mchezo wake unaojulikana kuliko yote aliucheza mwaka 1858 ndani ya jumba la opera la Paris, dhidi ya Duki wa Brunswick na Kabaila Isouard, waliocheza upande mweusi kwa kushauriana. Ulikwisha kwa hatua 17. Morphy alitoa kafara farasi, kisha ngome, na hatua ya 16 akamsukuma malkia wake hadi kwenye mstari wa mwisho, ambako farasi mweusi hakuwa na budi kumla. Farasi alipoondoka mahali pake, ngome ya pili ya Morphy ikashuka njia iliyofunguka, askofu akiilinda kutoka mbali, na mfalme mweusi akakosa pa kukimbilia. Wakati huo weusi bado walikuwa na malkia, ngome, askofu na farasi. Morphy alibakiwa na ngome moja na askofu mmoja, pamoja na askari wake. Siri inaonekana mtu akitazama upande wa mfalme wa weusi: ngome yao na askofu wao hawakuguswa tangu mwanzo wa mchezo. Kete zote kubwa za Morphy zilikuwa zimeingia kazini. Leo sharti hilo la kuziingiza kete zote kazini hufundishwa kwa watoto katika masomo ya kwanza kabisa. Mwaka 1858 hata wachezaji wenye sifa walilivunja bila kujua wanavunja nini.

Hapo ndipo ugumu wa kulinganisha zama unapoonekana wazi. Pengo kati ya Morphy na wenzake lilikuwa kubwa mno, pengine kubwa kuliko la mtu yeyote aliyemfuata. Lakini pengo lina ncha mbili. Sehemu yake ilitokana na akili ya Morphy, na sehemu nyingine ilitokana na uchache wa watu waliouelewa mchezo. Wachezaji wa dhati walipatikana katika miji michache: Paris, London, Berlin, New York na mingine ya kuhesabika. Siku zile michezo mingi haikuwa hata na saa ya kumbana mchezaji. Mtu angeweza kuuinamia ubao hadi wenzake wasinzie. Saa maalumu za mashindano zilianza kutumika London mwaka 1883.

Ubingwa rasmi wa dunia ulianza mwaka 1886, Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, alipomshinda Johannes Zukertort katika pambano lililochezwa New York, St. Louis na New Orleans. Steinitz alileta kitu ambacho Morphy hakukiandika: nadharia. Alifundisha kwamba shambulio halizuki kwa ushujaa, bali hupewa ruhusa na udhaifu uliokwisha kujengeka upande wa pili, na kwamba faida ndogondogo huweza kulimbikizwa hadi zikawa kubwa. Kila bingwa aliyemfuata amekula matunda ya mafundisho hayo, na si haki kumshusha Steinitz kwa makosa ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wengine kuyaona.

Aliyempokonya taji mwaka 1894 ni Emanuel Lasker, Mjerumani wa miaka 25 aliyekuwa pia mwanahisabati. Lasker alilishika taji hadi mwaka 1921, miaka 27, na hakuna aliyekaribia muda huo. Anayetaka kumweka Lasker juu ya wote huanza na namba hiyo. Ni namba nzito, lakini inahitaji kufunguliwa. Wakati ule bingwa ndiye aliyechagua nani acheze naye, lini, na kwa fedha kiasi gani. Baada ya mapambano ya mwaka 1910, moja likiwa lile alilotoka sare 5–5 na Carl Schlechter, Lasker hakulitetea taji tena kwa zaidi ya miaka kumi, na Vita ya Kwanza ya Dunia ikapita katikati. Steinitz naye alikuwa na miaka 58 aliposhindwa. Uthibitisho bora wa Lasker uko kwenye mashindano ya wachezaji wengi. Mwaka 1914 huko St. Petersburg alimaliza wa kwanza mbele ya Capablanca. Mwaka 1924 huko New York, akiwa na miaka 55 na taji limekwisha kumtoka, alishinda tena mbele ya Capablanca huyohuyo na Alexander Alekhine. Mwaka 1935 mjini Moscow, akiwa na miaka 66, alishika nafasi ya tatu. Rekodi hiyo haikununuliwa kwa kuchagua wapinzani.

Capablanca, mzaliwa wa Havana, aliacha alama ya aina nyingine. Kuanzia mwaka 1916 hadi 1924 hakupoteza mchezo hata mmoja wa mashindano, mpaka Richard Réti alipomshinda New York. Walioshuhudia walishangazwa na jinsi alivyoonekana kutotumia nguvu: hatua moja safi, nyingine safi, na mpinzani anajikuta hana pa kushika. Mwaka 1927 Alekhine alimvua ubingwa, aliouchukua kutoka kwa Lasker, huko Buenos Aires kwa michezo 34, ambayo 25 ilikuwa sare.

Kwa miongo mingi ulinganisho ulibaki mikononi mwa wachezaji wenyewe, na maoni yao yalitofautiana mno. Mwaka 1964 Fischer, akiwa na miaka 20, alitoa orodha yake ya wakali kumi wa wakati wote. Morphy na Steinitz walikuwamo, hata Howard Staunton wa katikati ya karne ya 19. Lasker, bingwa wa miaka 27, hakuwamo; wala Mikhail Botvinnik, aliyekuwa amelitwaa taji la dunia kwa mara tatu. Orodha kama hiyo inaeleza zaidi ladha ya mwandishi wake kuliko uwezo wa waliotajwa.

Njia ya hesabu ilitoka kwa Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Milwaukee, Marekani. Mfumo wake ulianza kutumiwa Marekani mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaupokea mwaka 1970. Kila mchezaji hupewa alama, na tofauti ya alama hutabiri matokeo. Wakilingana, kila mmoja hutarajiwa kupata nusu ya pointi zote. Mmoja akizidi kwa alama 100, hutarajiwa kuvuna kama pointi 64 katika kila 100. Akizidi kwa 200, takriban 76. Baada ya mchezo, anayefanya vizuri kuliko alivyotarajiwa hupanda, na anayefanya vibaya hushuka. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba haujali jina wala sifa. Kumshinda dhaifu hakuongezi karibu chochote, na kumshinda mkali hulipa vizuri.

Kwa kipimo hiki mwaka 1972 ni wa pekee. Fischer alikuwa na alama 2785, na Boris Spassky, aliyekuwa bingwa wa dunia na wa pili kwenye orodha, alikuwa na 2660. Pengo la alama 125 kati ya namba moja na namba mbili halijafikiwa na yeyote tangu hapo. Mwaka mmoja kabla, Fischer alikuwa amemfunga Mark Taimanov 6–0, kisha Bent Larsen 6–0, katika hatua ya michuano ambayo sare ni jambo la kila siku. Anayeufahamu mchezo huu hawezi kuzisoma namba hizo bila kusisimka. Lakini baada ya kumshinda Spassky 12½–8½ huko Reykjavik, Fischer hakucheza mchezo wowote wa mashindano kwa miaka 20, na mwaka 1975 taji likaenda kwa Anatoly Karpov bila pambano.

Alama ya juu kabisa kuwahi kufikiwa ni 2882 ya Carlsen, mwezi Mei 2014. Kabla yake ilikuwa 2851 ya Kasparov, mwaka 1999. Msomaji asikimbilie kusema kwamba Carlsen amemzidi Fischer kwa alama 97. Alama za Elo hueleza umbali kati ya watu wanaocheza kwa wakati mmoja; kati ya zama na zama haziahidi chochote. Mwaka 1972 Fischer alikuwa peke yake juu ya 2700, ilhali katika miaka ya 2010 waliovuka mstari huo walikuwa zaidi ya 30. Wapo wanaosema alama zimevimba kama fedha inavyopoteza thamani. Kenneth Regan, profesa wa sayansi ya kompyuta huko Buffalo na mwenyewe mchezaji wa ngazi ya kimataifa, alizichambua hatua zenyewe na kuona kwamba uvimbe huo ni mdogo: wenye alama nyingi ni wengi leo kwa sababu wanaocheza vizuri ni wengi leo.

Hoja hiyo ina nguvu ukitazama mahali wachezaji wanapotoka. India ilimpata mkuu wake wa kwanza wa sataranji, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha FIDE, mwaka 1988, naye ni Viswanathan Anand. Sasa nchi hiyo ina zaidi ya 80, na mwezi Desemba 2024 Gukesh Dommaraju alitwaa ubingwa wa dunia huko Singapore akiwa na miaka 18. Judit Polgár wa Hungaria alifikia alama 2735 na nafasi ya 8 duniani mwaka 2005, na mwaka 2002 alikuwa amemshinda Kasparov kwenye mchezo wa kasi mjini Moscow. Katika siku za Steinitz msichana mwenye kipaji kama cha Polgár asingepata hata kiti cha kukalia kwenye klabu nyingi. Bingwa wa sasa anawazidi watu wengi zaidi kuliko bingwa wa zamani, na hilo lazima lihesabiwe kwa faida yake.

Mtakwimu wa Marekani Jeff Sonas alijaribu kurudisha hesabu nyuma hadi karne ya 19, akikokotoa alama za watu waliokufa kabla ya mfumo wa Elo kuwapo. Kwa kilele cha muda mfupi, hesabu zake zilimweka Fischer juu, akifuatwa kwa karibu sana na Kasparov, Botvinnik, Lasker na Capablanca. Muda ukirefushwa, Kasparov na Lasker wanapanda. Matokeo yanabadilika kwa kubadili swali, bila kugusa takwimu hata moja.

Kompyuta zilileta ahadi kubwa zaidi: kumpima mchezaji kwa hatua zake mwenyewe, bila kutegemea mpinzani. Tangu kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Kasparov 3½–2½ mwaka 1997, programu zimepanda hadi ile iliyomo kwenye simu ya mkononi inamzidi bingwa wa dunia. Kipimo hufanyika hivi. Programu hukadiria kila hali ya ubao kwa kutumia thamani ya askari mmoja, iliyogawanywa katika sehemu mia. Tuseme hatua bora ingempa mchezaji faida ya sehemu 40, naye akacheza hatua inayompa 10, amepoteza 30. Hasara hizo hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya hatua, na wastani wake ndio kosa la mchezaji. Anayekosea kidogo ndiye sahihi zaidi.

Mwaka 2006 Matej Guid na Ivan Bratko wa Chuo Kikuu cha Ljubljana walitumia njia hii kwenye mapambano ya ubingwa wa dunia, wakaanza kuhesabu tangu hatua ya 12 ili kukwepa funguzi zilizokaririwa. Aliyetoka wa kwanza ni Capablanca. Wapinzani wa utafiti huo walisema programu iliyotumika, Crafty, ilikuwa dhaifu kuliko baadhi ya wachezaji iliyowahukumu. Hoja nzito zaidi ni nyingine, na watafiti wenyewe waliitambua: Capablanca alipenda kuurahisisha ubao, na kwenye hali rahisi makosa huwa machache. Mikhail Tal, bingwa wa mwaka 1960, alifanya kinyume chake kwa makusudi. Alitoa kafara ambazo hakuweza kuzihesabu hadi mwisho, akijua kwamba aliye mbele yake, saa ikimkimbia, hataweza pia. Kwa kompyuta, nyingi za hatua hizo ni makosa. Kwa binadamu aliyeketi ukumbini zilikuwa ushindi, na kipimo kinachomwadhibu Tal kwa kushinda kimeacha nje sehemu kubwa ya mchezo wenyewe.

Mwaka 2017 Mfaransa Jean-Marc Alliot alitumia Stockfish, programu yenye nguvu zaidi kwa mbali, kuchambua takriban michezo 26,000 ya mabingwa wa dunia tangu Steinitz. Carlsen alitoka wa kwanza, akifuatwa na Vladimir Kramnik, Fischer na Kasparov. Ni matokeo ya kuaminika kwa swali lililoulizwa: nani alicheza hatua zilizokaribia zaidi zile za mashine? Lakini Carlsen na Kramnik walifanya mazoezi na mashine hizo. Fischer alijifunza Kirusi apate kusoma majarida ya sataranji ya Wasovieti, na hifadhi yake ilikuwa kichwa chake na daftari. Mchezaji wa leo hufungua hifadhi yenye mamilioni ya michezo na kuonyeshwa kosa lake papo hapo. Tukimchukua Morphy wa mwaka 1858 na kumketisha mbele ya mkuu wa kawaida wa leo, angeshindwa kwenye ufunguzi tu. Akipewa miaka miwili ya vitabu na programu, hakuna hesabu inayoweza kusema angefika wapi.

Kwa uzani wa mambo haya yote, anayestahili nafasi ya juu ni Kasparov, mzaliwa wa Baku. Alishika namba moja duniani kwa jumla ya miezi 255 hadi alipostaafu mwaka 2005, na hakuipata kwa kukwepa watu. Karpov peke yake alikutana naye katika mapambano matano ya ubingwa kati ya 1984 na 1990. La kwanza lilisimamishwa baada ya michezo 48 bila mshindi. Jumla ni michezo 144: Kasparov alishinda 21, Karpov 19, na 104 ikawa sare. Mtu anaweza kuzisoma namba hizo kama udhaifu wa Kasparov, kwani hakuacha pengo lolote la maana. Usomaji sahihi zaidi ni kwamba alikuwa na mpinzani ambaye Morphy hakuwahi kumpata na Fischer alikataa kukutana naye, akamshinda kwa tofauti ndogo mara kadhaa, kisha akakaa juu ya kizazi kilichofuata pia. Anayempa Carlsen nafasi hiyo ana hoja nzuri: usahihi wake, na michezo 125 bila kushindwa kati ya 2018 na 2020, katika kundi la washindani gumu kuliko yote yaliyotangulia. Ila mwaka 2023 aliliacha taji kwa hiari bila kulitetea.

Kuna ushahidi mmoja zaidi, mdogo lakini wa thamani: watu walioishi muda mrefu wa kutosha kucheza na vizazi vingi. Lasker, aliyemvua Steinitz taji, alicheza na Botvinnik kijana mjini Moscow mwaka 1935. Vasily Smyslov, bingwa wa mwaka 1957, alifika fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa akiwa karibu na miaka 63, mwaka 1984, akafungwa na Kasparov 8½–4½. Viktor Korchnoi, aliyezaliwa 1931, alimshinda Carlsen mwenye miaka 14 huko Norway mwaka 2004. Na mwaka 2011 huko Gibraltar, akiwa na miaka 79, alimshinda Fabiano Caruana wa miaka 18, aliyekuwa tayari amevuka alama 2700 na ambaye baadaye aligombea taji la dunia na Carlsen. Mchezo mmoja haupimi zama. Lakini Caruana alikuwa kijana wa programu na hifadhi za kompyuta, na aliyemfunga alijifunzia sataranji Leningrad katika miaka ya 1940.